Nati moja inayookoa maisha kwenye mchanga wa Mucojo

Na Mwandishi Wetu

UKITOKA Macomia kuelekea baharini, lami unaiacha nyuma. Mbele yako kuna zaidi ya kilomita 40 za udongo na mchanga hadi Mucojo, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Wenyeji wengi ni wavuvi na wakulima wanaozungumza Kimwani, lugha ambayo mtu wa Mtwara au Kilwa akiisikia hutambua maneno mengi kuwa ni ya kwao.

Pwani hii imeonja machungu. Aprili 25, 2019, Kimbunga Kenneth kiliipiga Cabo Delgado na kuiacha wilaya ya Macomia na majeraha makubwa. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 navyo vilifika huku, na Januari 2024 wapiganaji waliingia Mucojo na kuukalia mji, wakazi wakakimbia.

Katika mahali kama hapo, pikipiki si anasa. Ndiyo inayobeba samaki, unga, mgonjwa na mama mjamzito. Duka la vipuri likiwa mbali na njia ikiwa ya mashaka, mwenye pikipiki hana budi kuwa fundi wake mwenyewe. Kazi ya kwanza anayopaswa kuijua ni kurekebisha breki ya nyuma.

Kwa nini ya nyuma? Kwenye lami, breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Lakini kwenye mchanga mlaini, gurudumu la mbele likikamatwa ghafla hujizika na kumwangusha dereva pamoja na abiria wake. Hapo mguu wa kulia, unaokanyaga pedeli, ndio hufanya kazi kubwa.

Inavyofanya kazi

Pikipiki nyingi za bei nafuu zina breki ya dramu kwenye gurudumu la nyuma. Ndani ya kitovu cha gurudumu mna vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, ambavyo mafundi huviita breki shuu. Ukikanyaga pedeli, fimbo ya chuma huvuta mkono ulio pembeni mwa gurudumu, mkono huzungusha kijiti chenye kichwa bapa, nacho hutanua shuu hizo zikagusa dramu. Ukiachia, springi huzirudisha.

Kila unapofunga breki, shuu huliwa kidogo. Mchanga wa pwani ukipenya ndani huzila upesi zaidi, na chumvi ya bahari hukamatisha kijiti kwa kutu. Pedeli huanza kushuka chini siku baada ya siku, na kwa kuwa hushuka polepole, dereva huzoea bila kujua.

Kurekebisha

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa ili gurudumu la nyuma lining'inie. Bonyeza pedeli kwa mkono. Kwa pikipiki nyingi za aina hii, pedeli inatakiwa ishuke kati ya milimita 20 na 30, yaani upana wa kidole kimoja hadi viwili, kabla breki haijaanza kushika. Kijitabu cha pikipiki yako kikitaja kipimo kingine, fuata hicho.

Mwishoni mwa fimbo, nyuma, ndipo ilipo nati ya kurekebishia. Ikaze nusu mzunguko, kanyaga pedeli mara mbili tatu, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Likizunguka huru, kaza tena kidogo. Likikwaruza mfululizo au likiwa zito, legeza. Breki inayoshika wakati wote hupata joto, huunguza shuu na kula mafuta bure.

Jambo moja husahauliwa na wengi. Ukikaza mnyororo, gurudumu husogea nyuma na fimbo ya breki huvutika. Kwa hiyo kila baada ya kukaza mnyororo, pima breki upya. Hakikisha pia taa ya nyuma inawaka ukikanyaga pedeli.

Ujanja unaoua

Pikipiki nyingi zina mshale kwenye mkono wa breki na alama kwenye bamba la pembeni. Ukikanyaga na mshale ukafika kwenye alama, shuu zimekwisha. Hapo nati haina dawa tena.

Lakini mwenye pikipiki asiye na shuu mpya hujaribiwa. Wapo wanaong'oa mkono na kuuhamisha jino moja ili pedeli ipande juu. Wengine hupachika kipande cha bati kati ya shuu na kijiti. Breki hurudi, na dereva hufurahi. Kumbe ameondoa kengele ya hatari na kuiacha hatari yenyewe. Shuu zilizoisha humlazimisha kijiti kuzunguka kupita kiasi, na kinaweza kukwama gurudumu likafunga ghafla, au breki ikakosekana kabisa mteremkoni.

Shuu zilizolowa mafuta nazo ni za kutupa. Kuziosha kwa petroli hakuondoi mafuta yaliyokwisha kunywewa ndani. Grisi huwekwa kwenye kijiti tu, tena kidogo sana.

Ukifungua dramu, usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa pampu. Shuu za zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji.

Na ukipita kwenye maji, kumbuka breki iliyolowa haishiki vizuri. Endesha polepole huku ukiikanyaga kidogo kidogo hadi ikauke.

Kazi yote ya kupima na kukaza nati haizidi dakika tano, nayo haihitaji zaidi ya spana moja. Jozi moja ya shuu, ikinunuliwa mapema na kuwekwa chini ya kiti, humwepusha mtu na jaribu la bati. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa dereva wa Mucojo aliyebeba mgonjwa usiku, mbali na hospitali na mbali na fundi, huenda hata nafasi ya kujenga ukuta huo isipatikane.