Taa ikiwaka usikubali kuzimiwa tu, dai gari litibiwe

Na Mwandishi Wetu

"MAMA, hiyo taa ya manjano ni ya nini?" Swali hilo niliulizwa na kifungua mimba wangu asubuhi moja tulipokuwa tumekwama katika msongamano wa magari barabarani Waiyaki Way, karibu na Kangemi. Nilimjibu kwamba si kitu, tusije tukachelewa shuleni. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku nne baadaye, tukitoka mjini jioni, gari lilikataa kupanda kilima cha Chiromo. Lilijikokota kama punda aliyelemewa na magunia, huku matatu zikitupigia honi na makanga wakitutolea maneno yasiyoandikika gazetini.

Lilikuwa gari la dizeli, la mtumba, lililotoka Japan na ambalo tulilinunua katika yadi moja kando ya Ngong Road. Muuzaji alisifu viti, redio na jinsi linavyonusa mafuta badala ya kuyanywa. Kuhusu kichujio cha masizi hakusema neno, nasi hatukuuliza.

Nililipeleka kwa wauzaji rasmi wa magari ya aina hiyo. Walichomeka kompyuta, wakalazimisha masizi yaungue na kuizima taa. "Tumemaliza, madam," nikaambiwa, nikalipa. Baada ya siku tisa taa ikawaka tena. Nilirudi, wakafanya yale yale, nikalipa tena. Mara ya tatu niliambiwa ninunue kichujio kipya, kwa bei iliyozidi karo ya muhula mzima ya watoto wangu wawili. Bandu bandu huisha gogo, na gogo letu lilikuwa limebaki kijiti.

Jamaa mmoja akanishauri niende Kirinyaga Road, ambako wakongwe bado wanakuita Grogan. Huko nilipata fundi aliyenihakikishia kwamba dawa ni moja: kukipasua kichujio, kutoa matumbo yake yote, kukiunganisha tena na kuidanganya kompyuta kwamba mambo ni shwari. "Nusu saa tu, mama." Bei ilikuwa nafuu mno. Nilikaribia kukubali.

Ni nini hasa?

Kichujio hiki hukaa katika ekzosi. Ndani yake mna kitu mfano wa sega la asali, kilichofinyangwa kwa udongo maalumu unaostahimili moto. Vijitundu vyake vimezibwa upande mmoja mmoja kwa kupokezana, hivyo moshi hulazimika kupenya ukutani. Hewa hupita, masizi hubaki. Kampuni ya Peugeot ya Ufaransa ndiyo iliyotangulia kukitia katika magari madogo ya kuuzwa kwa wingi, mwaka 2000. Sheria kali za moshi za Ulaya na Japan za mwaka 2009 ndizo zilizokifanya kuwa jambo la lazima. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari ya mtumba yaliyozidi miaka minane, gari dogo la dizeli linalotoka Japan siku hizi huja nacho.

Masizi yakijaa, gari huyachoma lenyewe. Kompyuta yake huongeza dizeli kidogo ili joto la kichujio lifike karibu nyuzi 600, na masizi yageuke hewa. Kazi hiyo huhitaji gari liwe linakwenda kwa mwendo wa kutosha, bila kusimama, kwa dakika kumi na tano hadi ishirini au zaidi.

Hapo ndipo mambo ya Nairobi yanapoingia. Gari langu lilikuwa likitoka Mountain View hadi Westlands kushusha watoto, kisha hadi katikati ya jiji, likisimama kila hatua ishirini. Kila lilipoanza kuchoma masizi, nilikuwa tayari nimelizima. Dizeli ambayo haikuungua huweza kuteremka na kuchanganyika na oili ya injini. Ukiona oili yako inapanda badala ya kupungua, usifurahi.

Mafuta yenyewe nayo yana sehemu yake. Mnamo Januari 2015, Kenya na majirani zake wa Afrika Mashariki walishusha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 katika kila milioni. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwani awali Kenya ilikuwa na dizeli ya sehemu 500. Lakini magari haya yaliundwa yakitarajia mafuta ya sehemu 10 tu. Kadhalika, yanahitaji oili maalumu isiyoacha jivu jingi. Masizi huungua, jivu haliungui kamwe. Likijaa, hapana budi kichujio kifunguliwe na kuoshwa kwa mitambo.

Shahidi, si mhalifu

Kabla ya kukubali shauri la Kirinyaga Road, nilipitia kwa fundi mmoja wa Dagoretti Corner. Huyu hakukimbilia kompyuta. Kwanza aliniuliza maswali kama daktari: unaendesha wapi, umbali gani, oili gani ilitiwa mara ya mwisho, nani aliitia? Kisha ndipo akaniambia neno lililonifungua macho: "Mama, kichujio ni shahidi tu. Tumtafute aliyeleta masizi."

Alimpata. Paipu ya mpira inayotoa hewa kwenye tabo ilikuwa na ufa usiozidi ukucha. Injini ilikosa hewa ya kutosha, ikawa inachoma dizeli vibaya na kutema masizi kupita kiasi. Juu ya hayo, oili iliyokuwamo haikuwa ya magari yenye kichujio. Paipu ilibadilishwa, oili ikamwagwa, kichujio kikatolewa, kikaoshwa na kurudishwa. Taa ile haijawaka tena. Wale wa kwanza hawakuwa wameniibia. Walitibu homa na kuacha malaria.

Basi msomaji, ukienda gereji, iwe ya kampuni kubwa au ya jua kali, usiulize tu "mtaizima lini?" Uliza kwa nini kichujio kimejaa. Omba uandikiwe kiasi cha masizi na cha jivu ambacho kompyuta imeonyesha, kabla ya kazi na baada yake. Uliza kama wamekagua nozeli, paipu za hewa, na sensa inayopima shinikizo la moshi mbele na nyuma ya kichujio, kwani sensa hiyo ikiharibika hudai kichujio kimejaa hali ni kitupu. Usikubali kununua kipya kabla ya kupata majibu hayo. Tunza kila risiti.

Sheria nayo iko upande wako. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa, maelezo ya kutosha, na fidia akipata hasara. Mwaka 2021 mahakama ya madai madogo ilianza kazi Milimani; husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na hutakiwa kutoa hukumu katika siku 60.

Wala tatizo hili si la Wakenya peke yao. Nchini Australia, mwaka 2022, mahakama iliamua kwamba zaidi ya magari 260,000 ya dizeli ya Toyota, yakiwemo Hilux, Prado na Fortuner yaliyouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, yalikuwa na kasoro katika mfumo wa kichujio hiki. Kesi kuhusu fidia ilifika hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo. Waliolalamika walikuwa watu wa kawaida waliochoka kurudi gereji.

Mapafu ya nani?

Na yule wa kukitoa matumbo? Ni kweli gari lingepata nguvu na taa ingezimika. Lakini masizi hayangetoweka. Yangehama tu kutoka kwenye ekzosi hadi vifuani mwa watu. Mwaka 2012, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilitangaza wazi kwamba moshi wa dizeli huleta saratani. Ekzosi ya gari iko chini, usawa wa pua za watoto wanaosubiri basi la shule pale Kangemi. Miongoni mwao wamo wangu.

Siku hizi, kila wiki mara moja, tunatoka Kikuyu na kuifuata Southern Bypass hadi Mombasa Road, kilomita zipatazo 28, kwa mwendo wa wastani usiovunja sheria. Nikisikia feni ikivuma na harufu ya moto, sizimi injini, wala siegeshi juu ya nyasi kavu. Watoto wanadhani ni matembezi. Kifungua mimba wangu hukaa mbele akiitazama dashibodi, na tukifika mwisho hutangaza: "Mama, hakuna taa."