Kuchovya au Kuvisha? Istilahi ya Vinara vya Kale vya Ufaransa

Mfasiri wa orodha ya vyombo vya makumbusho akikuta kinara cha mshumaa cha Ufaransa cha karne ya 18, kilichofanywa kwa shaba na juu yake dhahabu, huelekea kuandika "kinara cha kuchovya". Tafsiri hiyo ni fupi, lakini yapotosha.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Msubu alimimina shaba iliyoyeyushwa katika kalibu. Tako, shina na kikombe cha kushikia mshumaa aghalabu vilisubiwa mbalimbali, kisha vikaunganishwa. Mchongaji alivisafisha na kuvitia nakshi kwa tindo. Ndipo mtia dhahabu alipochanganya dhahabu na zebaki hata ukapatikana uji mzito, akaupaka juu ya shaba na kuipasha moto. Zebaki iligeuka mvuke. Dhahabu ikabaki imeshikamana na shaba. Mwishowe sehemu nyingine zilisuguliwa zing'ae, na nyingine ziliachwa bila mng'ao. Ustadi huo wa pili ulimpatia sifa Pierre Gouthière, aliyetambuliwa kuwa fundi mkuu mjini Paris mwaka 1758.

Kuchovya ni jambo jingine: chombo hutiwa katika maji yenye dawa ya dhahabu, na umeme huifanya dhahabu ikishike. Njia hiyo ilienea baada ya Elkington kupewa hataza Uingereza mwaka 1840. Kwa hiyo anayeandika "cha kuchovya" amekwisha kukihamisha kinara hicho karne moja mbele, na kukipunguzia thamani, bila ya kukusudia.

Kuhusu madini, vyombo vingi vya aina hii vina zinki nyingi kuliko bati. Neno letu "shaba", ambalo hulaumiwa kwa upana wake, hapa latosha bila kivumishi.

Twapendekeza basi "shaba iliyovishwa dhahabu kwa zebaki". Huenda wengine wakaona istilahi hii ni ndefu, wakataka "zebaki" iachwe. Isiachwe. Neno hilo ndilo linalotaja njia, nalo ndilo linalotaja gharama: mvuke wa zebaki uliwadhuru mafundi wa Paris, na hata leo huwadhuru wachimbaji wadogo wa dhahabu nchini Tanzania wanaochoma mchanganyiko uo huo. Mwalimu akiitumia istilahi kamili, mwanafunzi ataweza kuona kwamba kinara cha kasri na karai la mchimbaji vimepitia moto wa namna moja.