Kupiga Picha Wanyamapori Tunaokutana Nao Barabarani: Hukumu Yake na Adabu Zake

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ama baada ya hayo, msomaji wetu mmoja ametuandikia baada ya kurudi safari. Alikuwa akitoka Dar es Salaam kwenda Iringa kwenye harusi ya jamaa yake, akiwa na mkewe, watoto watatu na shemeji yake. Walipokuwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, jua likikaribia kuchwa, wakakuta kundi la tembo limesimama ukingoni mwa barabara, na wadogo wawili wamo. Akasimamisha gari, akashuka na mwanawe mkubwa, wakasogea karibu ili wapige picha kwa simu. Tembo mmoja mkubwa akatanua masikio na kuwageukia. Wakakimbilia garini, na alhamdulillah wakaondoka salama.

Ubishi ulianzia ndani ya gari. Shemeji alisema picha ya kiumbe chenye roho ni haramu, kwa hiyo zifutwe zote. Mke akasema watoto wamefurahi, na kutazama alichokiumba Allah ni katika kumkumbuka. Mpaka wanafika Iringa watu walikuwa hawasemeshani. Ndugu yetu anauliza: azifute picha zile au abaki nazo?

Tunamshukuru kwa kuuliza. Tutaanza na picha kama alivyotaka, kisha tutaingia kwenye jambo ambalo hakuliuliza, nalo kwa maoni yetu ndilo zito zaidi katika kisa chake.

Wanavyuoni wamesema nini kuhusu picha

Zipo Hadith sahihi, katika Bukhari na Muslim, zinazowaonya vikali watengenezaji wa picha na masanamu ya viumbe wenye roho, kwamba Siku ya Kiyama wataambiwa wavipe uhai walivyoviumba. Imepokewa pia kwamba Ibn Abbas (r.a.) alimshauri mtu aliyekuwa akipata riziki yake kwa kazi hiyo achore miti na vitu visivyo na roho. Shemeji wa ndugu yetu hakuzungumza kwa matamanio yake, bali ana Hadith hizi mkononi.

Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya kamera, kwa kuwa haikuwepo zama za Mtume (s.a.w.). Wako walioiingiza katika makatazo hayo na kuruhusu tu penye dharura au haja, mfano wa pasi ya kusafiria na kitambulisho. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz ni miongoni mwa waliojulikana kwa msimamo huo. Wako waliosema kwamba kamera haiumbi umbo jipya, ila inazuia kivuli cha kile ambacho Allah amekwisha kukiumba, kama kioo kinavyoonyesha sura ya anayejitazama. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala mahsusi kuhalalisha picha ya kamera kwa hoja hiyo. Naye Sheikh Ibn Uthaymin aliona kwamba upigaji wa kamera si ule uchoraji uliokatazwa, lakini akasisitiza kuwa lazima litazamwe lengo: picha inapigwa kwa ajili gani na itatumikaje.

Kwa hiyo suala hili lina khitilafu inayojulikana baina ya watu wa elimu. Anayejiepusha na picha kwa uchamungu, tunamheshimu. Anayefuata kauli ya wanaoruhusu, haifai kumwita mtenda haramu mbele ya watoto wake. Jambo moja tunalolinasihi kwa pande zote ni kutoitundika ukutani picha ya mnyama, kwa kuwa Hadith ya Malaika kutoingia nyumba yenye picha ni sahihi, na kuiacha picha ndani ya simu ni salama zaidi kuliko kuiweka sebuleni.

Barabara ipitayo katikati ya makazi ya wengine

Sasa tuje kwenye lile ambalo hakuliuliza.

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Iringa, Mbeya na Zambia hukatiza ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Malori ya mizigo, mabasi na magari madogo hupita hapo mchana na usiku. Msafiri aliye ndani ya basi huweza kuwaona twiga, pundamilia, swala, nyumbu, nyati, ngiri na tembo bila kutoka barabarani. Ndugu zetu wa Kenya wanaosafiri kati ya Mombasa na Nairobi wana hali kama hiyo, kwani barabara yao hupita kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi.

Wanyama hawa hawakuja barabarani kututembelea. Barabara ndiyo iliyopita kwao. Wanaikatiza kwa sababu maji yako upande mmoja na malisho upande wa pili. Qur'ani, katika Surat al-An'am aya ya 38, inatufundisha kwamba kila mnyama atembeaye ardhini na kila ndege arukaye ni umma kama sisi. Tunapopita Mikumi, basi, tunapita katikati ya makazi ya umma nyingine, na mpita njia ana adabu zake.

Ndani ya eneo hilo vibao vinaelekeza mwendo usiozidi kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku, na matuta yamewekwa ili kupunguza kasi. Wako madereva wanaoona haya ni usumbufu. Hebu tufanye hesabu. Gari linalokwenda kilomita 70 kwa saa hupita zaidi ya mita 19 kwa kila sekunde. Dereva akiinua simu na kuitazama kwa sekunde tatu tu, gari limekwenda karibu mita 58 bila macho yake kuwa barabarani. Katika umbali huo swala anaweza kuruka kutoka kichakani, au mtoto wa tembo akamfuata mama yake upande wa pili. Tembo dume mzima huweza kufikia tani 6. Gari dogo likimgonga, hakuna atakayeuliza tena kuhusu hukumu ya picha.

Kusimama na kushuka

Ndugu yetu hakupiga picha akiwa anaendesha, na hilo ni jema. Lakini alisimama ghafla kwenye barabara ya malori, akashuka, akamchukua na mwanawe. Hapo kuna mambo mawili.

La kwanza ni nafsi alizopewa dhamana. Allah (s.w.) ametukataza, katika Surat al-Baqarah aya ya 195, kujitupa wenyewe katika maangamizi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Baba safarini ni mchunga wa waliomo garini. Dereva wa basi ni mchunga wa abiria wake wote, hata kama nusu yao wanapiga kelele wakitaka asimame wapige picha. Na wale wa gari la nyuma, ambao hawajui kwa nini wa mbele ameshika breki, nao wana haki. Kanuni tuliyoipata katika Hadith ni kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana.

La pili ni barabara yenyewe. Katika Hadith aliyoipokea Abu Hurayra (r.a.), iliyomo katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza wasafiri wanaopumzika usiku wajiepushe na njia, kwa kuwa ndiyo mapito ya wanyama na makimbilio ya wadudu wenye madhara nyakati za usiku. Tuzingatie: zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, kabla ya lami na kabla ya hifadhi, msafiri alikwishafundishwa kwamba njia si yake peke yake, na kwamba giza likiingia wanyama nao huitumia. Aliyesimama Mikumi jua likichwa alisimama katika saa ambayo mafundisho haya yanamtaka aondoke hapo.

Tena, ndani ya hifadhi mtu haruhusiwi kushuka garini ila mahali palipotengwa. Utaratibu huu umewekwa kwa maslahi ya watu na wanyama, nasi tunaamrishwa kuutii uongozi katika mema.

Haki ya mnyama

Abdullah bin Mas'ud (r.a.) amesimulia kisa ambacho Abu Dawud amekipokea. Maswahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.). Akaenda haja, nao wakamwona ndege mdogo ana makinda mawili, wakayachukua. Mama yao akaja akipigapiga mbawa kwa uchungu. Mtume (s.a.w.) aliporejea akauliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa ajili ya watoto wake, akaamuru arudishiwe.

Maswahaba hawakutoka kwenda kuwinda siku ile. Walikutana na ndege njiani, kama ndugu yetu alivyokutana na tembo, wakavutiwa, wakasogea. Lililoangaliwa na Mtume (s.a.w.) ni uchungu wa mama. Tembo jike hubeba mimba kwa karibu miezi 22, na huyo anayezaliwa hulindwa na mama yake pamoja na kundi zima. Anapotanua masikio, akatikisa kichwa au akapiga kelele, anatuambia tumemkaribia mtoto wake mno. Kuendelea kusogea baada ya hapo ili picha itoke vizuri ni kumtia mama uchungu kwa ajili ya mtoto wake.

Wako pia wanaopiga honi au kurusha mawe na chupa ili mnyama ageuze uso upande wa kamera. Mtume (s.a.w.) alikataza hata kurusha vijiwe kwa vidole, akaeleza kuwa havipati mawindo wala havimwumizi adui, bali huvunja jino na kutoboa jicho. Na wako wanaowatupia nyani ndizi na biskuti ili wakusanyike karibu na dirisha. Hao wanadhani wanatoa sadaka. Nyani aliyezoea kulishwa huacha kutafuta chakula chake porini, hukaa barabarani akingoja magari, mwisho wake hugongwa au huanza kuwavamia watu. Sadaka kwa mnyama ina thawabu, ila sadaka ya namna hii inamuua.

Afanye nini msafiri?

Anayefuata kauli ya kuruhusu picha na akataka kupiga, tunamnasihi yafuatayo:

- Dereva asiguse simu kabisa. Picha ipigwe na abiria, ndani ya gari, vioo vikiwa vimefungwa au vimeshushwa kidogo tu.
- Mnyama akiwa barabarani, dereva apunguze mwendo mapema na amwachie apite. Asimzunguke, asimpigie honi, asiingie katikati ya mama na mtoto.
- Usiku flashi isitumike. Mnyama aliyemulikwa machoni huduwaa au hukimbia ovyo, pengine mbele ya lori.
- Asirushe chakula, mfuko wala chupa dirishani. Kuondoa chenye kudhuru njiani ni katika matawi ya imani, basi vipi tukiweke sisi?
- Akiwaweka wanyama wanaowindwa na majangili, kama tembo na faru, kwenye mitandao, asitaje mahali alipowakuta, na azime alama ya mahali kwenye simu yake.
- Anayetaka kuwatazama kwa utulivu, apange siku, aingie kwa geti la hifadhi na alipe ada. Ada ya wananchi wa Afrika Mashariki ni ndogo kuliko ya wageni watokao nje, na humo kuna mahali pa kusimama na watu wanaojua tabia za wanyama.

Na aliye upande wa shemeji, asiyetaka picha, naye hakukosa kitu. Qur'ani imetuhimiza kumtazama ngamia alivyoumbwa, na kuwatazama ndege wanavyotandaza mbawa angani. Jicho na moyo vinatosha kwa kazi hiyo. Pengine mtoto aliyeambiwa "Subhanallah, tazama!" atamkumbuka tembo yule kwa muda mrefu kuliko aliyemtazama kupitia kioo cha simu.

Jibu letu kwa ndugu yetu

Picha zilizomo kwenye simu yako, ukifuata kauli ya wanavyuoni wanaoruhusu, hulazimiki kuzifuta. Ukizifuta ili kutoka katika khitilafu na kuuridhisha moyo wa shemeji yako, ni jambo zuri, wala hutapungukiwa. Zungumzeni kwa upole, kwa kuwa kupatana na ndugu kuna uzito kuliko picha.

Ama kile kitendo cha kumshusha mwanao karibu na tembo mwenye mtoto, muombe Allah msamaha na umshukuru kwa kukusalimisha. Kisha kaa na mwanao umwambie wazi kwamba baba alikosea siku ile. Yeye ndiye atakayekuwa dereva kesho, na alichokiona kwako ndicho atakachokifanya akiwa na watoto wake.

Tunamuomba Allah awalinde wasafiri wetu wote na kuwafikisha salama kwa watu wao. Wallahu a'lam.