Paris: Bei ya mlo hufuata saa na kiti

MGENI anayefika Paris na kuketi katika mkahawa wa kwanza anaouona jirani na Mnara wa Eiffel, aghalabu huinuka mezani akiwa ametumia kwa mlo mmoja fedha alizotenga kwa siku mbili. Siku zinazofuata hula biskuti chumbani mwake.

Hali hiyo huwapata hasa wanaosafiri kwa mafunzo au mikutano, wakiwa na posho iliyopigiwa hesabu na mtu ambaye hajawahi kununua chakula huko.

Hata hivyo, Paris ina chakula kingi cha bei ya wastani, na makarani, mafundi na wanafunzi wa mji huo hukila kila siku. Wanachomzidi mgeni ni kujua saa ya kula, mahali pa kuketi na maneno ya kutumia.

Saa ndiyo muhimu zaidi. Kati ya saa 6:00 na saa 8:00 mchana, migahawa mingi huuza mlo uliopangwa, uitwao "formule", wenye vyakula viwili au vitatu kwa bei moja. Katika mitaa isiyo ya watalii, mlo huo kwa kawaida hugharimu kati ya euro 15 na 20. Jioni, jiko lile lile huuza kila chakula peke yake, na jumla yake hupanda sana.

Sababu ni kuwania wafanyakazi wa ofisini. Tangu mwaka 1967 sheria za Ufaransa zimeweka utaratibu wa hati za malipo ambazo mwajiri huchangia chakula cha mchana cha mfanyakazi wake. Mgahawa usioweza kuwalisha watu hao kwa bei wanayoimudu hubaki na viti vitupu. Mgeni asiyejua pa kwenda na atazame walipo wenye vitambulisho vya kazi shingoni, awafuate.

Ifikapo saa 8:30 majiko mengi hufungwa hadi saa 1:00 jioni. Anayezunguka katika makumbusho hadi saa 9:00 bila kula hubakiwa na migahawa ya watalii, ambayo hupika mchana kutwa na kutoza ipendavyo.

Kuna neno moja linalowakosesha wengi. Kwa Kifaransa, "menu" katika mgahawa kwa kawaida ni mlo kamili wa bei moja. Orodha ya vyakula vyote huitwa "carte". Vilevile "entrée" ni chakula kidogo cha kufungulia, wala si chakula kikuu. Anayeiagiza akidhani ameshiba ataletewa majani mawili na yai.

Sheria nayo humlinda mlaji. Bei lazima zibandikwe nje ya mgahawa, kuanzia angalau saa 5:30 asubuhi kwa chakula cha mchana na saa 12:00 jioni kwa chakula cha usiku. Bei hizo zimekwisha kujumlisha huduma, hivyo bakshishi ni hiari ya mteja. Mkate na maji ya bomba hutolewa pamoja na mlo bila nyongeza.

Mhudumu anapouliza kama mgeni anapenda maji yenye gesi au yasiyo na gesi, anauza chupa. Jibu ni "une carafe d'eau", yaani jagi la maji. Hakuna aibu katika kulisema. Wenyeji hulisema kila siku.

Kahawa nayo ina bei mbili: ya anayekunywa amesimama kaunta, na ya aliyeketi mezani. Tofauti inaweza kufikia mara mbili au zaidi, kahawa ikiwa ni ile ile.

Kwa anayetaka kuketi na kula Kifaransa hasa, ipo migahawa iitwayo "bouillon", neno lenye maana ya supu. Ilianza miaka ya 1850, pale mwuza nyama aliyeitwa Duval alipowauzia wafanyakazi wa soko la Les Halles supu na nyama ya kuchemsha kwa bei ndogo. Baadaye ilienea mjini kote, kisha ikafifia karibu kutoweka.

Bouillon Chartier, katika mtaa wa Faubourg Montmartre, ipo tangu mwaka 1896. Wahudumu huandika hesabu juu ya karatasi iliyotandikwa mezani, na watu wasiojuana huketishwa meza moja. Mtindo huo ulifufuka mwaka 2017 ilipofunguliwa Bouillon Pigalle, ikafuatiwa na Bouillon République mwaka 2021. Vyakula vitatu huweza kupatikana kwa takriban euro 20. Foleni ni ndefu lakini huenda haraka, na jiko halifungwi alasiri.

Mlo wa bei ya chini kabisa hupatikana duka la mikate. Kipande kirefu cha mkate chenye kitu ndani, kinywaji na kitafunwa tamu huuzwa pamoja. Waislamu na wengine wasiokula nguruwe wawe macho: "jambon" ni nyama ya nguruwe, na ndiyo iliyomo katika mkate unaopendwa zaidi. "Lardons", vile vipande vidogo vinavyonyunyizwa juu ya saladi, ni nguruwe pia.

Mitaa ya Barbès na Belleville ina wauzaji wengi wa chakula cha halali. Karibu na Barbès, kwenye kituo cha treni cha Château Rouge, Mwafrika Mashariki huweza kushangaa kukuta chakula cha nyumbani. Wakongo huuza pondu, ambayo Mtanzania angeitambua kuwa ni kisamvu, pamoja na kwanga ya muhogo. Wasenegali huuza wali wa samaki na mchuzi wa karanga. Sahani huwa kubwa, na hakuna anayemharakisha mlaji.

Mwenye jiko katika nyumba aliyofikia ana njia nyingine. Soko la Aligre, katika wilaya ya 12, hufunguliwa asubuhi kila siku isipokuwa Jumatatu. Karibu na saa 7:00 mchana, wauzaji wanapoanza kufunga, bei za matunda na mboga huporomoka, na makasha mazima hutolewa kwa sarafu chache.

Chupa tupu ya maji nayo ibebwe mfukoni. Visima vya chuma vya rangi ya kijani, vilivyotolewa na Mwingereza Richard Wallace tangu mwaka 1872, bado hutoa maji safi ya kunywa barabarani bila malipo, ingawa vingi hufungwa majira ya baridi.