Melanoma ikifika ubongoni: safari ya matibabu ya mgonjwa wa Tabora

Melanoma ni saratani inayoanzia kwenye seli zinazoipa ngozi rangi yake. Kwa watu weupe wa Ulaya na Australia huota zaidi mgongoni na miguuni, mahali palipochomwa na jua. Kwa Mwafrika mweusi jua halina kesi kubwa: ugonjwa huchagua unyayo, kisigino, kiganja au chini ya kucha. Watu wenye ualbino, ambao jua huwaletea saratani ya ngozi kweli, wengi wao hupata aina nyingine, ile ya seli bapa, na melanoma kwao ni nadra. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Saratani ya seli bapa hukaa pale ilipoota kwa muda mrefu, lakini melanoma ni nyepesi kuhama, na ubongo ni mojawapo ya vituo vyake vikuu.

Kwa nini unyayo? Ni rahisi kumnyooshea kidole mguu peku, hasa katika nchi ambayo wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji kupitia Tabora mpaka Bagamoyo. Madaktari wa zamani nao walifikiri hivyo. Lakini mwaka 1967 mtafiti M. G. Lewis alichapisha katika jarida la British Journal of Cancer utafiti wake wa melanoma nchini Uganda, akaihusisha na madoa meusi ambayo watu wengi wanayo nyayoni. Baadaye, mwaka 2016, watafiti wa Japani walionyesha kwamba melanoma za unyayo hujikusanya kwenye sehemu za wayo zinazobeba uzito wa mwili. Viatu, kwa vyovyote, havimpi mtu kinga kamili: aliyevaa katambuga maisha yake yote anaweza kuugua sawa na aliyetembea peku.

Katika vijiji vya Urambo, Kaliua na Sikonge, mkoani Tabora, doa jeusi kisiginoni huwa na maelezo mengi kabla ya kuitwa saratani. Ni mwiba uliobaki ndani, ni jembe, ni fangasi, ni sukari. Doa linatanuka, kingo zake hazilingani, rangi haifanani, kisha linapasuka na kutoa majimaji. Miezi inapita kwa dawa za miti shamba na vidonge vya duka la dawa. Mtoki wa kinena unavimba, na kwa kuwa mtoki humjia kila mwenye kidonda mguuni, hakuna anayeshtuka. Hapo ndipo fursa kubwa inapopotea, kwa sababu melanoma iliyokatwa ingali nyembamba mara nyingi hupona kwa kisu peke yake.

Ikishafika ubongoni, dalili ni maumivu ya kichwa yanayozidi alfajiri, kutapika, mkono au mguu wa upande mmoja kuishiwa nguvu, ulimi kuwa mzito, au tabia kubadilika ghafla. Wengine huanguka kifafa kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Kifafa cha ukubwani kisicho na historia ni sababu tosha ya kupigwa picha ya kichwa, ingawa wengi hupelekwa kwanza kwa mganga. Bob Marley alikutwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977. Septemba 1980 alianguka akikimbia mazoezi jijini New York, na vipimo vikaonyesha ugonjwa umeingia ubongoni. Alikwenda kutibiwa Ujerumani, akafariki Miami tarehe 11 Mei 1981. Enzi hizo hata tajiri hakuwa na dawa ya kununua. Wagonjwa waliofikia hatua hiyo waliishi, kwa wastani, miezi minne au mitano.

Safari ya mgonjwa wa leo huanzia hospitali ya wilaya au ya misheni, kama Nkinga iliyoko Igunga, au Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa. Barua ya rufaa kwa kawaida humpeleka Bugando, Mwanza, hospitali ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kwenda Dar ni kufuata ile ile njia ya misafara, ambayo Wajerumani waliitandika reli na kuifikisha Tabora mwaka 1912. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke, waliotoka pwani Juni 1857, walifika Kaze, Tabora ya siku zile, mwezi Novemba. Siku hizi safari ni ya saa, si ya miezi, lakini kwa mtu ambaye shinikizo limepanda kichwani hata saa hizo za basi ni nyingi. Ndiyo maana dawa ya kwanza inapaswa kutolewa kabla hajapanda gari: deksamethasoni, inayopunguza majimaji yanayojaa kuuzunguka uvimbe, pamoja na dawa ya kifafa kwa aliyekwisha kuanguka. Deksamethasoni haitibu saratani. Hununua muda, na mgonjwa aliyeitumia kwa wiki kadhaa asiikatishe ghafla.

Huko rufaa maswali ni matatu: kuna uvimbe mingapi kichwani, saratani imeenea wapi kwingine, na mgonjwa ana nguvu kiasi gani. Picha ya MRI huona vidogo ambavyo CT scan huvikosa. Uvimbe ukiwa mmoja au miwili, mahali panapofikika, upasuaji hufaa, na aliye Dar hupelekwa MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, kwa wapasuaji wa ubongo. Melanoma ina tabia ya kuvuja damu ndani ya kichwa, na hapo upasuaji wa dharura unaweza kumwokoa mtu aliyekwisha kupoteza fahamu.

Mionzi ni ya namna mbili. Ile ya kulenga hupiga uvimbe wenyewe kwa dozi kubwa, mara moja au chache, na kuuacha ubongo uliobaki. Inahitaji mashine na wataalamu mahususi. Nairobi, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ilifunga mashine ya CyberKnife mwaka 2023. Ya pili ni mionzi ya kichwa kizima, mara tano au kumi, ambayo hospitali nyingi zaidi zinaweza kuitoa. Hutuliza dalili, lakini kumbukumbu hudhoofika, na utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kuiongeza baada ya upasuaji au mionzi ya kulenga hakumsaidii mgonjwa wa melanoma. Familia ina haki ya kuuliza inatolewa kwa lengo gani.

Dakabazini, dawa ya dripu ya tangu miaka ya 1970, ndiyo rahisi kupatikana, ila ubongoni hupenya kwa shida. Mageuzi yalikuja na dawa zinazoifungua breki kinga ya mwili: ipilimumabu mwaka 2011, kisha pembrolizumabu na nivolumabu mwaka 2014. Watafiti James Allison na Tasuku Honjo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa ugunduzi uliokuwa msingi wa dawa hizo. Mwaka huo huo utafiti wa Marekani uliochanganya nivolumabu na ipilimumabu ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wenye uvimbe ubongoni lakini wasio na dalili, zaidi ya nusu walipata nafuu humo kichwani. Kwa waliokwisha kuwa na dalili, walionufaika ni chini ya robo. Hesabu hiyo inabeba fundisho zito kuliko jina la dawa yoyote: mwenye melanoma iliyofika kwenye mtoki apigwe picha ya kichwa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Na deksamethasoni, rafiki wa safarini, hupunguza makali ya dawa hizi, hivyo dozi yake hushushwa mapema inapowezekana.

Matokeo hayo yametoka zaidi kwa wagonjwa weupe. Melanoma ya unyayo huitikia kwa kiwango cha chini, na mabadiliko ya jeni ya BRAF, yanayofungua mlango wa vidonge vya dabrafenibu na trametinibu, huonekana kwa wachache. Baadhi wana mabadiliko ya jeni ya KIT, na hao wanaweza kujaribiwa imatinibu, dawa inayojulikana Ocean Road kwa sababu ya saratani ya damu. Kinachohitajika ni kipande cha nyama kilichohifadhiwa kwenye nta baada ya kipimo cha kwanza. Anayehama hospitali akiombe pamoja na majibu, kwani maabara ya mbali hukipima bila mgonjwa kusafiri.

Bei ndiyo kikwazo. Shirika la Afya Duniani liliziingiza nivolumabu na pembrolizumabu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, lakini dozi moja ya pembrolizumabu, ya wiki tatu tu, huzidi dola 10,000 kwa bei ya Marekani. Wanaokwenda India hufuata bei ya chini, na huko utafiti wa saratani ya kichwa na shingo wa mwaka 2022 ulionyesha faida ya nivolumabu miligramu 20, sehemu ndogo ya dozi ya kawaida. Kabla ya kuuza ng'ombe au shamba la tumbaku, ukoo upate makadirio ya matibabu yote, si ya dozi ya kwanza pekee. Dozi moja iliyokosa ya pili ni fedha iliyomwagwa.

Anayerudi Kaliua akiwa kwenye dawa hizi za kinga arudi na barua inayozitaja. Kuharisha kwake kunaweza kuwa kinga inayoshambulia utumbo, na zahanati isiyojua itamtibu amiba. Kifua kikuu kichunguzwe mwanzoni. VVU iliyodhibitiwa kwa dawa haimzuii mgonjwa kuzitumia.

Tiba shufaa, ya kutuliza maumivu na dalili, huanza mapema sambamba na tiba nyingine, na kwa asiyeweza hizo ndiyo inayobaki. Mofini ya maji hupewa kila saa nne, na dozi ya usiku huongezwa ili mgonjwa alale. Hufunga choo karibu kwa kila anayeitumia, hivyo dawa ya kulainisha choo huandikwa siku ile ile.