Mimea inayoviza jirani zake

Mwaka 1937 Hans Molisch, mtaalamu wa mimea kutoka Austria, alichapisha kitabu kuhusu jinsi mmea mmoja unavyouathiri mwingine kwa kemikali. Alihitaji neno, akaliunda kwa Kigiriki: allelon, yaani “wao kwa wao”, na pathos, “kupatwa na jambo”. Ndiyo alelopatia tunayoikuta leo katika vitabu vya biolojia. Mwanafunzi wa lugha za Kibantu akiliona neno hilo, anaiona pale pale -ana yetu ya kutendana. Nitairudia, kwa sababu ina hila.

Kwanza tuutazame mmea wenyewe. Watanzania wanauita gugu karoti, kwa kuwa majani yake yanafanana na ya karoti. Wanasayansi wanauita Parthenium hysterophorus. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na leo umeenea India, Australia, Ethiopia, Kenya na eneo la Arusha. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Majani yake yana vinyweleo vyenye partenini, kemikali chungu inayowasha ngozi ya mtu na kuharibu ladha ya maziwa ya ng’ombe aliyeyala.

Mvua ikinyesha, inaosha kemikali hizo na kuzishusha udongoni. Mizizi nayo hutoa za kwake, na majani yaliyokufa yanaziachilia yanapooza. (Mimea yenye harufu kali ina njia ya nne, mvuke.) Mbegu ya jirani haichagui maji ya kunywa. Ili iote, lazima ifyonze maji, ivimbe, ivunje wanga wa akiba, kisha seli za ncha ya mzizi zianze kugawanyika. Maji yale yale yanaingiza sumu, nayo inagonga hatua hizo hizo. Kiasi kikiwa kikubwa, mbegu haioti. Kikiwa kidogo, inachelewa, au inatoa mzizi mfupi usiofika kwenye unyevu kabla ya jua kali. Siku chache za kuchelewa zinatosha: gugu limekwisha kuchukua nafasi na mwanga.

Lakini kwa nini mgeni ashinde ugenini, wakati kwao anaishi na jirani zake? Mwaka 2000 Ragan Callaway na Erik Aschehoug walipanda Centaurea diffusa, gugu la Ulaya na Asia lililovamia Amerika ya Kaskazini, pamoja na nyasi za kwao na nyasi za Amerika. Nyasi za Amerika ziliumia zaidi. Walipochanganya udongo na makaa yanayonasa kemikali, nyasi hizo zilipata nafuu. Maelezo yao ni kwamba jirani wa zamani wameizoea silaha hiyo kwa vizazi vingi. Jirani wapya hawajawahi kukutana nayo.

Hapa napenda tahadhari. Mbegu kufa katika kisahani cha maabara, chenye maji ya majani yaliyosagwa, hakuthibitishi kinachotokea shambani, ambako vijidudu vya udongo vinaila sumu hiyo. Huko California, mwaka 1964 Cornelius Muller na wenzake walieleza kwamba ardhi tupu inayozunguka vichaka fulani vyenye harufu inatokana na mvuke wa vichaka hivyo. Mwaka 1970 Bruce Bartholomew aliweka vizuizi vya waya pale, na majani yakaota: panya, sungura na ndege waliojificha vichakani walikuwa wakila miche. Kwa hiyo tukiona udongo mtupu chini ya mikaratusi yetu, tuulize pia kuhusu maji na kivuli kabla ya kuishtaki sumu.

Majina ya wenyeji yanasema mambo mengine kabisa. Kromolena, gugu tunalolijua vizuri hapa Kongo katika mashamba yaliyolala, Ghana inaitwa Acheampong na Nigeria Awolowo, majina ya wanasiasa. Mashariki mwa Ethiopia gugu karoti linaitwa faramsisa, ambalo hufasiriwa “weka sahihi uiachie ardhi yako”. Hilo la mwisho tu ndilo linalogusa matokeo. Mengine yanataja sura ya mmea, au zama ulipofika.

Je, tuseme nini kwa Kiswahili? “Kuathiriana” inamfuata Molisch kwa uaminifu, na kwake ilifaa, kwani alihesabu athari njema na mbaya. Ila kwa gugu vamizi, -ana inamficha mtendaji: mahindi hayalirudishii gugu chochote. Mimi napendekeza kitenzi tulicho nacho tayari, kuviza, yaani kukifanya kitu kivie, kisikue. Kila mwenye kuku anajua yai viza, lililolaliwa lisianguliwe. Mkulima akiambiwa kwamba gugu hili linaviza mbegu, na kwamba likifukiwa bichi siku chache kabla ya kupanda bado majani yake yanaweza kuviza, anaelewa bila kufundishwa Kigiriki. Nomino itakuwa uvizaji, na mmea wenyewe mmea-viza.