Je, Wajua? Ndani ya Pezi la Pomboo Mna Mkono

Ukimwona pomboo akiibuka majini kule Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ni rahisi kumdhania samaki. Lakini chini ya ngozi ya pezi lake la ubavuni umefichika mkono kamili: mfupa mmoja wa juu unaoanzia begani, miwili ya kigasha, vifupa vya kifundo, kisha vidole vitano. Mpangilio ni uleule wa mkono wako.

Tofauti kubwa iko vidoleni. Kidole chako cha shahada kina mifupa mitatu. Cha pomboo huweza kuwa na minane, midogo midogo, imepangana kama shanga uzini. Kiwiko chake nacho hakikunjiki, ndiyo maana pezi hukaa gumu, likawa usukani wa kugeuzia mwili. Nguvu ya kusonga mbele hutoka mkiani.

Shingo ile fupi, ambayo hata huioni, ina pingili saba sawa na yako. Na miguu je? Pomboo akiwa bado tumboni mwa mama yake huchipuza vijiguu vya nyuma, kisha vikatoweka kabla hajazaliwa. Hubaki vifupa viwili vya nyonga, vimezama ndani ya nyama. Ajabu kuliko yote, mwaka 2006 wavuvi wa Taiji, Japani, walimnasa pomboo mwenye mapezi mawili ya ziada karibu na mkia, palepale ambapo miguu ingekuwa.

Na kitovu pia anacho.